Gati la Allaoui

Chombo cha mwisho alichokiunda Allaoui, mwana wa Moinaecha, kilikuwa na kasoro moja tu, nayo kasoro hiyo aliahidi kuiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Ahadi ni deni. Katika nyumba aliyolelewa, msemo huo haukuwa pambo la mazungumzo, ulikuwa sheria.

Chombo chenyewe hakikuwa cha mbao wala cha chuma. Kilikuwa chombo cha angani, kilichoundwa ndani ya kompyuta kwa ajili ya programu moja ya kuigiza safari za anga za juu. Aliyeitunga programu hiyo aliiacha wazi, ili kila mwenye ujuzi na subira aweze kuunda chombo chake na kukiongeza humo. Waundaji wa viongezo hivyo walikuwa wametawanyika duniani. Hawakulipana wala hawakuonana, bali walijuana kwa majina tu katika jukwaa lao la mtandao. Mojawapo ya majina yaliyoheshimiwa jukwaani lilikuwa la mtengeneza redio wa Andoany, mji mkuu wa Nosy Be, kisiwa kidogo cha Wamalagasi. Jina hilo ni Allaoui.

Ukweli ni kwamba nyuma ya jina hilo walikuwapo watu wawili. Allaoui aliunda umbo la chombo na kukokotoa namba zake: uzito, nguvu za injini, namna kinavyogeuka. Mdogo wake, Youssoufa, alikivika ngozi: rangi, herufi, vichwa vya misumari, hata kutu. Lakini Moinaecha aliwalea wanawe kwa adabu ya Wangazidja, Wakomori walioishi tangu zamani katika mji wa Mahajanga, huko bara. Mdogo hakutia mkono sahanini kabla ya mkubwa, hakumtangulia kuvuka kizingiti, wala hakuliweka jina lake kando ya jina la mkubwa. Kwa hiyo kila chombo kilichotoka katika kibanda chao, nyuma ya soko, kilitoka kwa jina moja. Youssoufa hakuona kwamba amenyimwa kitu. Aliona ndivyo ilivyo.

Chombo hicho cha mwisho walikiita Antsahampano. Ni jina la mahali pa bara ambapo matishari yanayovuka kwenda Nosy Be hupakia magari, ng'ombe na saruji: vyombo bapa, visivyo na urembo wowote, vyenye mlango mpana mbele unaoshushwa ufukweni kama ulimi. Allaoui alitaka tishari la namna hiyo liwepo angani, likipeleka shehena kwenye kituo kinachoizunguka dunia.

"Kuna Mbelgiji mmoja anauliza," Youssoufa alimwambia siku moja, akisoma jukwaani, "kwa nini chombo chetu kina sura ya sanduku la viatu."

"Mwambie aje Antsahampano apande na ng'ombe. Akifika ng'ambo, sura ya chombo hataiuliza tena."

"Na angani, kaka, ng'ombe tutamweka wapi?"

"Mbele. Pamoja na Mbelgiji."

Kasoro ilikuwa katika gati. Kila chombo kinachotaka kushikamana na kingine angani hakina budi kuwa na gati, na gati huelezwa kwa mishale mitatu isiyoonekana: wa kwanza husema gati liko wapi, wa pili husema linatazama wapi, na wa tatu husema upande upi ndio juu. Gati la Antsahampano lilikuwa kwenye ncha ya ule mlango wa mbele. Na mlango ulipofunguka, mshale wa tatu haukuufuata. Matokeo yake yalichekesha. Chombo kilikikaribia kituo kwa utulivu wote, kikagusa, na papo hapo kikageuka chini juu, kikaning'inia.

"Popo!" alisema Saïda, mkewe Allaoui, alipoonyeshwa mara ya kwanza, akacheka hadi akajishika ubavu. "Jamani, mume wangu ameunda popo!"

Saïda aliishi Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, katika nyumba aliyojengewa na baba yake kabla ya ndoa. Kwa maana katika desturi ya watu wao nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayeingia. Allaoui alikaa kwake miezi kadhaa, kisha akarudi kibandani Nosy Be miezi kadhaa, na hivyo ndivyo walivyoishi. Mungu hakuwa amewajalia mtoto.

Kazi ya redio ilipokufa, kwa kuwa watu walianza kusikiliza kila kitu katika simu zao, Allaoui aliazimia kwenda kisiwa cha Maore, ng'ambo ya bahari na chini ya serikali nyingine, ambako binamu yake alimwahidi kazi. Hati za kumruhusu kuingia hakuwa nazo. Alipata nafasi katika boti iliyokwenda kwa siri. Siku ya kuondoka alisema maneno mawili kwa watu wawili.

Kwa mdogo wake alisema, "Rangi paka upendavyo. Faili la gati usiliguse. Nikifika, kazi yangu ya kwanza ni hiyo."

"Hata nikiona mahali penye kosa?"

"Mpaka rangi hafungui mlango, bwana mdogo," alisema Allaoui, akamgonga kisogoni kwa mzaha.

Kwa mkewe alisema kwa simu, "Huko sijui kama nitapata simu mapema. Lakini kompyuta zipo kila mahali. Nenda pale Tanambao kwenye duka la mtandao, ukitazame chombo changu. Siku utakayoona popo amesimama wima, jua kwamba mumeo amefika salama."

Neno hilo la pili Youssoufa hakuambiwa. Lilikuwa neno la mke na mume.

Boti haikufika Maore, wala haikurudi. Hapakupatikana ubao, wala vazi, wala mwili wa mtu.

Kifo kisichojulikana kina uzito wa namna yake. Hitima haikuweza kusomwa, kwa kuwa haikujulikana kama wanamsomea maiti au mtu aliye hai. Saïda hakuweza kukaa eda, kwa kuwa eda ni ya mjane, naye hakuwa mjane. Wala hakuweza kuitwa mke, kwa kuwa mume hakuwapo. Amu yake, Maalim Abdérémane, mtu mkali na mwenye kuchunga maneno yake, alifuata kauli ya wanazuoni wasemao kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka minne. Kisha mume ahesabiwe kuwa amefariki, mke akae eda, na baada ya hapo maisha yake yawe yake tena. Saïda alingoja. Hakulalamika mbele ya watu. Ila mara kwa mara alitembea hadi Tanambao, akaketi mbele ya kompyuta ya kukodi, akaufungua ukurasa wa Antsahampano, na kusoma maneno yaleyale: gati bado lina kasoro. Kisha alirudi nyumbani kupika.

Huko Nosy Be, muda ulipokaribia kutimia, Youssoufa alianza kuliwaza deni la nduguye. Alifundishwa tangu utotoni kwamba mtu akifa, kabla ya kugawanywa kijiko au shuka, madeni yake hulipwa kwanza. Allaoui hakudaiwa chochote sokoni. Alidaiwa gati. Aliwaahidi wageni wa nchi za mbali kwamba atalitengeneza, na wageni hao bado walikuwa wakiuliza.

Naye Youssoufa hakuwa tena mpaka rangi tu. Miaka hiyo ya kimya alikuwa amejifundisha, kwa kitabu cha hesabu cha sekondari na kwa kukosea mara nyingi, ile sehemu ya kazi aliyokatazwa. Alijifundisha kwa sababu kufuata namba za nduguye kulikuwa ndiyo namna pekee iliyobaki ya kuketi naye. Faili la gati hakuligusa mpaka wakati huo. Katazo la mkubwa ni katazo. Lakini katazo huisha anapokufa mwenye kulitoa, na deni haliishi.

Aliuondoa mshale wa tatu katika mwili wa chombo akaufunga kwenye mlango. Alijaribu. Antsahampano kilikikaribia kituo, kikashusha ulimi wake, kikagusa, na kikatulia wima, kama tishari lililofika pwani. Youssoufa alilia peke yake kibandani. Kisha alikwenda kulipandisha toleo jipya mtandaoni. Penye nafasi ya jina hakusita hata kidogo: kazi ya mkubwa hutoka kwa jina la mkubwa, na deni la marehemu hulipwa kwa jina la marehemu. Aliandika: "Gati limetengemaa. Samahani kwa kukawia. Allaoui, Nosy Be."

Moyo wake ukawa mwepesi. Alidhani ametenda jema.

Moinaecha alikuwa akipeta mchele ugani simu ilipolia. Sauti ya Saïda ilisikika hadi mlangoni aliposimama Youssoufa. Mkwe na mamamkwe walizungumza kama walivyozungumza siku zote, Kingazidja kilichochanganyika na Kimalagasi, lakini siku hiyo maneno ya binti yule yalikuwa yakikanyagana.

"Mama! Amefika, mama! Allaoui amefika!"

"Amefika wapi, mwanangu? Nani amekwambia?"

"Popo amesimama! Nimemwona kwa macho yangu Tanambao. Jina lake liko pale, na tarehe ya juzi. Aliniambia mama, siku gati litakapotengemaa nijue amefika. Ni neno letu, mimi na yeye, hakuna mwingine alijuaye. Nimeshamwambia amu avunje kile kikao cha kunitangazia eda. Mama, unanisikia?"

Moinaecha aliilaza simu juu ya ungo, kwenye mchele, akamtazama mwanawe.

"Youssoufa. Nani amekigusa chombo cha kaka yako?"

"Mimi, mama."

"Kwa jina la nani?"

"Kwa jina lake. Lingekuwa jina la nani?"

Mama alimpa simu. Youssoufa alieleza, akirudia na kujikwaa, kwamba ni yeye, kwamba alikusudia kulipa deni, kwamba hakulijua lile neno. Kisha Saïda akacheka kicheko kifupi.

"Shemeji, wewe ni mpaka rangi. Aliniambia mwenyewe kwamba gati hulijui. Mmekaa na amu mkaona nimechelewa kuwa mjane, basi mnanisukuma."

"Wallahi, shemeji..."

"Usiape." Na simu ikakatika.

Moinaecha aliuweka ungo chini. Alipozungumza, hakupandisha sauti.

"Unalijua jina la mjomba wako Mdahoma."

"Nalijua, mama. Yule mshonaji."

"Machafuko ya Mahajanga ya Desemba sabini na sita, watu wetu walipouawa, alitoka kwenda kuwatafuta jirani zake, hakurudi. Waliobaki walipelekwa Komoro. Mimi na mama yangu tulikimbilia huku. Mwaka uliofuata likaja neno kutoka Moroni: Mdahoma ameonekana. Wapi? Sokoni. Nani amemwona? Fulani na fulani, amevaa koti lake la kijivu, lile alilolishona mwenyewe. Basi mama yangu akangoja. Kila hatua iliyopita nje ilikuwa ya Mdahoma. Miaka baadaye tulijua ni nani aliyelivaa lile koti. Alikuwa mwanafunzi wake wa cherehani. Hakuwa mwizi, Youssoufa. Alimpenda bwana wake, akalivaa koti ili asimsahau. Na mama yangu alikufa ameugeuzia mlango uso."

Aliuchukua tena ungo wake.

"Nawe umevaa koti la kaka yako. Nenda ukalivue mbele ya mke wake. Neno kama hili halipelekwi kwa simu."

Youssoufa aliifunga kompyuta mpakato yake ndani ya kitambaa, akaondoka. Alivuka kwa tishari. Lilipofika Antsahampano na mlango wa mbele ukashuka ufukweni, aliziangalia bawaba zake kwa jicho la mtu aliyekwisha kuziandika kwa namba. Akaona jinsi Allaoui alivyokuwa ameipima sawasawa kila pembe, akageuza uso. Kutoka hapo barabara ya Mahajanga ni ndefu. Njia nzima aliyatunga maneno atakayosema, na alipofika Tsaramandroso hakuwa na hata moja.

Nyumba ya Saïda ilikuwa imejaa wanawake. Paliungwa mchuzi wa nazi, ubani ulifukizwa. Saïda mwenyewe alikuwa amevaa nguo ya manjano, na usoni alijipaka liwa, ule msandali uliosagwa ambao mwanamke aliye na mumewe hujipamba nao. Tangu Allaoui apotee hakuonekana hata siku moja akiwa na liwa.

"Karibu, shemeji mtu!" aliita Kouraichia, jirani mwenye maneno mengi. "Leo hata paka wa nyumba hii kajipaka liwa! Mbona uso huo, kama aliyekuja mazikoni?"

Wenzake walicheka. Youssoufa hakucheka, na kicheko kikafa kidogo kidogo.

Maalim Abdérémane alikuwa ameketi penye kiti cha peke yake, fimbo katikati ya magoti. Hakumkaribisha kwa maneno mengi.

"Kuna mambo mawili tu," alisema. "Ama ndugu yako yu hai, nami sina haki ya kumweka mwanamke huyu eda, ama ni wewe uliyeitenda kazi hii. Kati ya hayo mawili hakuna la tatu. Sema."

"Ni mimi, Maalim."

"Namba aliziacha yeye," Saïda alidakia. Hakuwa akimtazama. "Au amezituma kutoka huko aliko, na amekukataza kusema, kwa kuwa hana hati. Kama ndivyo, shemeji, niambie kwa jicho tu. Sitasema kwa mtu."

Youssoufa alitikisa kichwa.

Hapo Saïda alimgeukia. Tumaini lina akili kuliko huzuni. Lilikuwa limekwisha kuutafuta mlango wa kutokea. "Basi fungua hiyo kompyuta. Allaoui hakuwahi kuunda chombo chenye mlango ubavuni. Namba za mlango huo yeye hana, wala hakuna aliyekupa. Uhamishe mlango, uweke ubavuni, gati na vyote. Kikisimama wima, nitakuamini. Popo akining'inia, uondoke nyumbani kwangu, na neno la eda lisitajwe humu tena."

"Saïda," alisema Maalim, "hukumu ya dini haitolewi kwa mchezo wa kompyuta."

"Amu, tumaini nimelipatia humo. Mnataka nikalipoteze wapi?"

Mzee aliitazama fimbo yake kwa muda. "Fanya," alimwambia Youssoufa.

Alifanya. Kazi ya namna hiyo haina haraka. Alilikata umbo, akauhamisha mlango, akaziandika bawaba upya, akaipa mishale mitatu mahali pake pageni. Saïda aliketi nyuma yake, karibu kama alivyozoea kuketi nyuma ya mumewe. Wanawake walikwenda jikoni na kurudi. Adhana ya adhuhuri ilipita, wakasali, akaendelea. Hatimaye alikiweka chombo angani, mbele ya kituo, akakisogeza polepole kwa injini ndogo za pembeni. Mlango wa ubavuni ulifunguka. Chombo kikagusa.

Kikageuka chini juu, kikaning'inia.

"Popo!" Kouraichia alipiga vigelegele. Nyumba nzima ilipokea. Mtu alimkumbatia Saïda. Saïda alikuwa akilia na kucheka, na liwa ilianza kuchirizika mashavuni mwake.

Youssoufa hakukusudia kukosea. Alikosea kweli, na mara tu alipoiona picha alijua ni wapi: mshale wa tatu, alama moja tu mbele ya namba moja. Alielewa pia kwamba hakuna mwingine katika chumba kile aliyejua. Ingemtosha kuifunga kompyuta, kuaga, na kuondoka kwa aibu ndogo ya mpaka rangi aliyejidai. Saïda angebaki na nguo yake ya manjano. Angekwenda Tanambao kesho na kesho kutwa. Furaha ile ingeendelea, na asingekuwa ameiua yeye.

Kisha alimwona bibi yake, ambaye hakuwahi kumjua, ameugeuzia mlango uso.

"Shemeji," alisema, "nimekosea mahali pamoja. Niruhusu nirekebishe."

Kelele zilipungua. Saïda alimtazama kwa macho yaliyoelewa kabla ya masikio.

"Inatosha," alisema kwa sauti ya chini. "Umejaribu, watu wameona. Inatosha, Youssoufa."

"Niruhusu, shemeji."

"Nimesema inatosha!"

Youssoufa alimtazama Maalim, akitaraji kuokolewa kwa njia moja au nyingine. Mzee aliinamisha kichwa. Mzigo ulikuwa wa mwenyewe.

Akaligeukia faili. Akaibadilisha ile alama. Akakirudisha chombo nyuma, akakisogeza tena, na safari hii hapakuwa na sauti nyumbani ila ya mchuzi uliokuwa ukichemka bila mtu wa kuuangalia. Mlango ukafunguka. Chombo kikagusa kituo, kikashikamana, kikatulia wima. Dunia, ya buluu na mawingu yake, iliendelea kuzunguka chini yake.

Saïda aliisogelea skrini.

"Yeye alipokuwa akikigusisha chombo," alisema hatimaye, "alikuwa akipiga ulimi. Kila mara. Tk, kama anayemwita kuku. Hakujijua. Wewe hukupiga."

"La, shemeji."

"Basi ni wewe."

Aliinuka. Kouraichia alimfuata uani akiwa na birika la maji. Walisikika wakimimina. Maalim Abdérémane alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na wanawake waliitikia mmoja mmoja. Mmoja wao alikwenda kuuepua mchuzi, mwingine akautoa ubani nje. Saïda aliporudi, uso wake ulikuwa mtupu, bila liwa, nao ulionekana wa mtu mwingine, mkubwa kwa umri. Nguo ya manjano ilikuwa imefunikwa kwa shiromani nyeupe, ile shuka ya wanawake wa Kikomori.

"Amu, nimesikia," alimwambia Maalim. "Eda yangu ianze leo." Kisha akamgeukia Youssoufa. "Una jambo moja la kunifanyia kabla sijaingia ndani. Liandike jina lako pale."

Youssoufa alishtuka. "Siwezi kuliweka jina langu kando ya lake, shemeji. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana tumefika hapa." Hakusema kwa ukali, alisema kama anayeeleza njia. "Liweke chini yake, kama adabu inakudai. Lakini liwepo. Likikaa lake peke yake, mimi najijua: eda ikiisha nitarudi Tanambao kutazama. Kila utakapogusa kitu kidogo, mimi nitaona mume wangu amepita. Niandikie jina la aliye hai."

Youssoufa alirudi mbele ya kompyuta. Aliandika: "Kimeundwa na Allaoui, Nosy Be. Mungu amrehemu." Akashuka mstari. Akaandika: "Gati limetengenezwa na Youssoufa, mdogo wake."

Saïda aliinama akayasoma maneno yote, midomo ikisogea, hadi neno la mwisho. Kisha kwa mkono wake mwenyewe aliishusha skrini ya kompyuta mpakato mpaka ikafunga, akaingia chumba cha ndani.

Hitima ya Allaoui ilisomwa kesho yake. Baada ya watu kutawanyika, Youssoufa alitembea hadi Tanambao, kwenye lile duka la mtandao, kwa kuwa maneno yale hayakuwa yamepandishwa bado. Mwenye duka alimwonyesha kompyuta iliyo karibu na dirisha.

"Keti hapo," alisema. "Ni ya dada mmoja wa Tsaramandroso, hapendi nyingine. Lakini leo sijamwona. Umekuja mahali pake?"

"Haji tena," alijibu Youssoufa, akaketi.

Ukurasa ulipofunguka, alilipandisha toleo jipya, akangoja mpaka majina yote mawili yakaonekana.